Kabla Hujamfungia Biharusi Mkoba wa Vidonge



Leo sizungumzii shela wala rangi za sare. Nataka tuzungumze kitu ambacho siku hizi kinaingia kwenye begi la biharusi pamoja na udi, singo na doti za khanga: vidonge. Kuna kopo la nywele, kopo la ngozi, kopo la kupunguza tumbo, kopo la usingizi, na lile ambalo kila mtu analisifu, kopo la "kutuliza mishipa". Wifi analeta moja, khalati analeta jingine, shoga aliyetoka Dubai analeta matatu. Biharusi anajikuta anameza vidonge saba kwa siku na hajui hata kimoja kinafanya nini mwilini mwake.

Mimi si daktari. Nimemaliza skuli ya sekondari, nikasoma kozi ya ushoni, na leo nina duka langu la nguo za harusi. Lakini mabiharusi wengi wanapita mikononi mwangu. Tunakaa nao miezi miwili mitatu, tunachukua vipimo, tunajaribu nguo, tunapima tena. Mtu akiwa amesimama mbele yako na futi iko kiunoni mwake, anakwambia mengi ambayo hamwambii mama yake. Kwa sababu wananiuliza, nimejifunza kuuliza wauguzi, wafamasia na madaktari, na kusoma kabla ya kujibu.

Rai yangu ni hii. Kidonge chochote chenye nguvu ya kubadilisha kitu kwenye ubongo au kwenye mishipa ya fahamu ni dawa, hata kama kopo limeandikwa "asili" au "lishe". Basi kipewe heshima ya dawa: kiwe na sababu ya kumezwa, kiwe na kipimo, na kiwe na siku ya kuacha. Kikikosa hivyo vitatu, kisiingie kwenye mkoba wa biharusi.

Tukisema "mishipa" tunamaanisha ipi?

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mambo mengi. Kuna mishipa ya damu, kuna mishipa ya fahamu, na hata ngiri watu wanaiita mshipa. Muuzaji anapokwambia "hii ni dawa ya mishipa", mwenye presha anasikia lake, mwenye ganzi miguuni anasikia lake, na biharusi mwenye wasiwasi anasikia lake. Wote watatu wananunua kopo moja. Kwa hiyo la kwanza, muulize: mishipa ipi?

Mishipa ya fahamu ndiyo inayochukua khabari kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye ubongo, na amri kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli. Ifikirie kama waya wa umeme. Ndani pana waya wenyewe, nje pana utando unaoufunika, kama ule mpira wa waya. Utando ukichubuka, khabari zinapita kwa shida: ganzi, kuchomachoma kama sindano, miguu kuyumba.

Ubongo nao unaendesha mambo yake kwa kemikali. Moja inaitwa serotonini, inahusika na hali ya moyo, usingizi na hamu ya kula. Nyingine ni dopamini, inahusika na ari na mwendo wa viungo. Nyingine inaitwa gaba, ambayo kazi yake ni kupoza ubongo usiende mbio. Mwili wenyewe ndio unaozitengeneza kutokana na tunachokula. Serotonini inatokana na triptofani, ambayo imo kwenye samaki, mayai, maziwa, maharage na njugu. Ili kuitengeneza, mwili unahitaji vitamini B6. Ili kutengeneza dopamini unahitaji madini ya chuma. Ili kuutunza ule utando wa waya unahitaji vitamini B12.

Kwa hiyo wanaosema lishe haina uhusiano na ubongo wanakosea. Uhusiano upo, na ndiyo maana nasema tuwe waangalifu. Kisichoweza kufanya lolote hakiwezi pia kudhuru. Hivi vinaweza.

Aliyepungukiwa akipewa, ni neema

Tuanze na kheri, na mfano tunao hapa hapa visiwani. Watafiti walikwenda Pemba, wakawapa watoto wadogo madini ya chuma kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watoto waliopewa chuma walipiga hatua zaidi kwenye kusema, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walipiga hatua pia kwenye kutembea na kutumia viungo. Ubongo ulikuwa na njaa ya chuma, ukalishwa, ukafanya kazi.

Kwa wanawake pia iko hivyo. Mwanamke anayetoka damu nyingi kila mwezi anaweza kuwa amechoka, hana raha, hawezi kutuliza mawazo, na usiku miguu haitulii kitandani. Watu wanasema ana wasiwasi wa harusi, kumbe damu yake ni ndogo. Kidonge cha chuma kinaweza kumrudisha, lakini kwanza apime damu. Akishaanza, asikiteremshie kwa chai. Chai yetu ya baada ya chakula inazuia chuma kuingia mwilini. Aipishe kwa saa moja au mbili, na chuma akinywe pamoja na chungwa au embe.

Vitamini B12 nayo ina watu wake. Kwa asili inapatikana kwenye vyakula vya wanyama tu: samaki, nyama, mayai, maziwa. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo sana, mikrogramu 2.4 kwa siku, na sisi watu wa kisiwani kwenye samaki na dagaa tumejaaliwa. Lakini wapo wanaopungukiwa: mzee ambaye tumbo lake haliifyonzi tena vizuri, mtu anayekunywa dawa ya sukari ya metformini kwa miaka mingi, mtu anayekunywa omeprazoli ya vidonda vya tumbo bila kuacha, na aliyejikatalia samaki na nyama ili apungue. Hawa wanaweza kupata ganzi, kusahau, hata huzuni, na wakipimwa mapema wanatibika. Kwao sindano au kidonge cha B12 ni tiba hasa. Kama mama yako ana sukari na analalamika miguu inamchoma, usimnunulie kopo la mtaani. Mwombe daktari ampime B12 na aangalie sukari yenyewe, maana sukari ikizidi pia inaharibu mishipa ya fahamu.

Kidonge kimoja ambacho biharusi anakihitaji

Ukiniuliza mimi ni kidonge gani kiwekwe mkobani, nitakwambia kimoja, na ndicho ambacho sikikuti hata siku moja: asidi ya foliki.

Mtoto tumboni, ubongo wake na uti wa mgongo vinaanza kama bomba dogo. Bomba hilo linajifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa. Lisipojifunga vizuri chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Lisipojifunga juu, ubongo haukui, na mtoto haishi. Wengi wa watoto wenye mgongo wazi wanapata na tatizo la maji kujaa kichwani. Familia zinazopitia jambo hili zimo humu humu kwetu, na hospitali ya Mnazi Mmoja ina madaktari wanaowafanyia upasuaji watoto hao. Mwenyezi Mungu awape nguvu wazazi wao.

Hesabu siku sasa. Mwanamke anajua ana mimba pale anapokosa siku zake, na hapo wiki mbili zimeshapita tangu kutungwa. Mpaka aone haya, ajifikirie, amwambie mume, amwambie mama, aende kliniki, imefika miezi mitatu. Kliniki wanampa vidonge vya chuma na foliki, tunavyoviita fefo, na anatakiwa avinywe kweli kweli. Lakini lile bomba limeshafunga, au limeshaacha kufunga, zamani.

Ndiyo maana ushauri wa kitaalamu ni mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na kuendelea miezi mitatu ya mwanzo. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamewahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Waliopewa foliki kwa kipimo kikubwa, hatari ya tatizo kurudi ilipungua kwa asilimia 72. Kwetu sisi, ambako wengi wanaolewa wakiwa na nia ya kupata mtoto mapema, siku ya kuanza foliki ni ile wiki tunayochukua vipimo vya gauni. Wenye sukari, wanaotumia dawa za kifafa, na waliowahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi wanahitaji kipimo kikubwa zaidi, nao wapangiwe na daktari. Na wa kifafa asiache dawa yake mwenyewe, aende akazungumze kwanza.

Foliki si kidonge cha fahari. Hakina kopo la dhahabu na bei yake ni ndogo. Labda ndiyo maana hakuna anayekitangaza.

Kizuri kikizidi

Sasa turudi Pemba. Baada ya yale mafanikio, ulifanyika utafiti mkubwa zaidi, wa watoto zaidi ya 24,000 wa chini ya miaka mitatu. Wengine walipewa chuma na foliki kila siku bila kupimwa kwanza nani amepungukiwa na nani hakupungukiwa. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi. Mwaka 2003 ugawaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Waliopewa chuma walilazwa kwa maradhi makali au kufariki zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Lakini walipoangalia kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walifaidika.

Sisemi haya ili mjamzito atupe fefo zake, hasha. Yule yuko chini ya kliniki, anapimwa, na anazihitaji. Nasema ili tuelewe jambo moja: kidonge kile kile, kisiwa kile kile, kilimwinua mmoja na kumwangusha mwengine. Tofauti ilikuwa ni nani alikuwa amepungukiwa.

Vitamini B6 ni mfano mwengine, na huu unanigusa mimi fundi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1.3 kwa siku. Samaki, ndizi, kuku na mbatata vinatosha kumpa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 iliweka mpaka wa miligramu 12 kwa siku. Halafu angalia makopo ya "mishipa" na ya "nguvu": utakuta miligramu 50, utakuta 100. Akinywa makopo mawili au matatu kwa pamoja, na kila moja lina B6 ndani yake, zinajumlishana. Ikizidi kwa muda mrefu, vitamini hii inayouzwa kwa ajili ya mishipa ya fahamu inaiharibu mishipa ya fahamu. Inaanza ganzi vidoleni, miguu inachoma, mtu anayumba gizani. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa saba waliokuwa wakinywa dozi kubwa mno, wengine wakawa hawawezi kutembea bila msaada. Mara nyingi mtu akiacha anapata nafuu, lakini taratibu, na wengine hawarudi kama walivyokuwa. Kwa mtu kama mimi, asiyehisi ncha ya sindano amepoteza kazi yake.

Na ubaya wake ni kwamba dalili zinafanana na zile za kupungukiwa. Mtu anapata ganzi, anasema "mishipa yangu dhaifu", anaongeza kidonge. Anazidi kuugua, anaongeza tena.

Kopo la nywele pia lina lake. Biotini tunahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge vya nywele na kucha vinauzwa vya 5,000 mpaka 10,000, na hivyo vya 10,000 ni zaidi ya mara 300. Biotini nyingi haijulikani kuwa sumu, lakini inavuruga baadhi ya vipimo vya damu maabara. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017 na tena 2019. Kipimo cha tezi ya shingo kinaweza kuonesha ugonjwa ambao haupo, na kipimo cha moyo kinaweza kuficha ugonjwa uliopo. Ukienda kupima, sema unakunywa biotini.

Na kopo la ngozi lenye vitamini A nyingi ya aina ya retino, hilo ndilo ninalolikataza kwa sauti. Vipimo vikubwa, kuanzia yuniti 10,000 kwa siku na kupanda, vinaogopewa kwa mjamzito, kwa sababu vinaweza kuharibu ubongo, uso na moyo wa mtoto anayeumbwa. Biharusi anakinywa ili ang'are siku ya ukumbi, na wiki tatu baadaye ana mimba.

Kopo la kupunguza mwili

Hili naliona kwa futi. Biharusi anakuja mwezi wa kwanza, kiuno hiki. Anarudi wiki tatu baadaye amepungua inchi nne, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, halali usiku, analia kwa jambo dogo. Ukimuuliza anasema ni "chai ya miti" au "vidonge vya asili".

Kuna dawa inaitwa sibutramini. Inafanya kazi kwenye ubongo, kwenye serotonini na kemikali mwenziwe, ili mtu asihisi njaa. Ilikuwa dawa ya hospitali, lakini mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya shinikizo la moyo na kiharusi. Tangu hapo imekuwa ikikutwa mara kwa mara imefichwa ndani ya vidonge na chai za kupunguza mwili zinazoandikwa "asili tupu". Kwa hiyo yule dada hakunywa majani. Alikunywa dawa ya ubongo iliyopigwa marufuku, na hakuambiwa.

Hata sanamaki yetu ya zamani, ambayo bibi zetu waliitumia siku moja moja kwa choo kigumu, akiifanya ya kila siku ili apungue atapoteza maji na madini ya potasiamu. Potasiamu ndiyo inayosaidia mishipa ya fahamu kupeleka amri na moyo kudunda sawa. Ikishuka, viungo vinalegea na moyo unakosa mpangilio wake.

Mimi gauni nalipunguza na nalipanua. Hiyo ndiyo kazi yangu na naifanya kwa furaha. Nguo ifuate mwili.

Kopo la kutuliza roho

Hapa ndipo pananiuma zaidi.

Biharusi ana khofu. Halali. Labda anaolewa mbali na kwao. Labda hajamzoea mtu anayemwoa. Labda kuna jambo lilimpata zamani na hajamwambia mtu. Au ana sonona, ugonjwa kamili kama presha na sukari. Wanaompenda wanamnunulia kopo la kuongeza serotonini.

Tujue mambo matatu. La kwanza, serotonini nyingi ya mwili, zaidi ya asilimia 90, imo kwenye utumbo na si kwenye ubongo, na ile ya utumboni haivuki kuingia ubongoni. Kwa hiyo hesabu ya "meza hiki, serotonini ipande, ufurahi" si nyepesi kama tangazo linavyosema. La pili, vile vyenye nguvu kweli vinagongana na dawa. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa St John's wort, upo kwenye vidonge vingi vya "furaha". Ukichanganywa na dawa za sonona za hospitali unaweza kupandisha serotonini mpaka kiwango cha hatari: homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Unadhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za virusi vya ukimwi, na mtu anaweza kujikuta ana mimba asiyoipanga au dawa zake zimeacha kumlinda. La tatu, usafi wa kiwanda. Mwaka 1989 Marekani, triptofani iliyouzwa kama kirutubisho cha usingizi iliwaletea watu maumivu makali ya misuli na kuharibika mishipa ya fahamu. Waliougua walikuwa zaidi ya 1,500, na zaidi ya 30 walifariki. Chanzo kilifuatwa mpaka kwenye mzigo wa kiwanda kimoja uliokuwa umechafuka.

Lakini hata kama kopo lingekuwa safi, bado nauliza: tumemuuliza mwanetu ana nini? Kopo ni rahisi, mtu analinunua na kuondoka. Kukaa naye, kufunga mlango, kumsikiliza bila kumkatiza, hilo ni gumu. Somo anamfundisha mengi siku zile za ndani, basi ajifunze na kuuliza swali hili: mwanangu, moyo wako umetulia?

Na tuache kumwambia mwenye sonona kwamba imani yake ni ndogo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta matibabu. Anayeswali akaenda na kwa daktari hakupungukiwa na kitu. Dua, Qur'ani, dawa na ushauri vinakaa pamoja katika maisha ya Muislamu.

Kwa nini dukani kwangu hakuna makopo

Mfanyabiashara mmoja alinifuata akitaka aniwekee makopo kwenye kabati la kioo, karibu na shela na mapambo ya kichwa. Faida yangu ingekuwa nzuri, na sitasema uongo, miezi ambayo harusi ni chache pesa ile ingenifaa. Nilimuuliza maswali manne. Kuna nini ndani na kwa kipimo gani? Ganda la kidonge limetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani? Limesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar? Mwenye mimba au anayetumia dawa nyingine nimwambie nini? Akanijibu, "Wewe uza tu, wateja hawaulizi hayo."

Ni kweli hawaulizi, kwa sababu wananiamini. Amana hiyo siiuzi kwa kopo. Natambua wapo dada wanaosomesha watoto kwa biashara hii, na sitaki mlango wa riziki wa mtu ufungwe. Nawaomba tu waulize maswali hayo manne kwa anayewapa mzigo. Anayeshindwa kuyajibu, mzigo wake urudi. Kuhusu jelatini msione ni jambo dogo. Nyengine ni ya ng'ombe, nyengine ni ya nguruwe, nyengine ganda ni la mimea. Kopo zuri linaandika.

Basi mkoba uwe na nini?

Wiki ile ya kupima nguo, biharusi aende kituo cha afya akapime wingi wa damu, presha na sukari. Achukue foliki. Kama damu ni ndogo apewe chuma na aambiwe arudi lini kupima tena. Makopo yote anayokunywa ayatie kwenye mfuko mmoja aende nayo, amwoneshe mfamasia au daktari. Asione haya. Akiwa amefunga, vidonge vyake avinywe baina ya futari na daku.

Jikoni, samaki mara kwa mara, hasa vibua na jodari wenye mafuta yanayojenga ubongo. Mchicha, maharage, korosho na njugu zina magnesiamu, ambayo inapoza mishipa ya fahamu. Yai na maziwa. Na chumvi iwe yenye madini joto, maana ubongo wa mtoto tumboni unayategemea. Tusijidanganye kwamba kwa kuwa tunaishi baharini tumesalimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu wa madini joto upo Unguja na Pemba. Angalia paketi kabla hujanunua chumvi ya kupimwa kwenye gunia.

Halafu usingizi. Mabiharusi wetu wanakesha siku tatu kwa hina na piko, siku ya nne wanapewa kidonge cha kulala. Mpeni kitanda.

Ewe khalati, ewe wifi, najua unaleta kopo kwa mapenzi. Pesa hiyo hiyo mlipie nauli ya kwenda hospitali na kipimo cha damu, ukafuatane naye. Atakukumbuka kwa hilo miaka mingi baada ya kopo kwisha.

Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu siha ya mwili na utulivu wa moyo, na awaruzuku watoto wazima. Amin.

Kama una kopo nyumbani, hebu kaligeuze usome nyuma, uone B6 ni miligramu ngapi.